Matairi Laini ya Shemeji Kalala

Siku ya pili ya kilio cha Mama, Yomba Mutombo, mjomba wetu, kaka yake, alisimama mbele ya wanaume waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki pale lupangoni, yaani uani kwa Mama, akaanza kuwaeleza wageni sisi watoto wa marehemu ni watu wa namna gani. Mimi nilikuwa napita na sinia la sombe, kisamvu chetu. Akaninyooshea fimbo. "Munamuona huyu Mado? Huyu njo ule alitaka kubeba makosa ya shemeji yake. Alikuwa na miaka kumi na nane tu, alisimama mbele ya bakubwa, akasema: ni minye. Moyo ya vile haiko tena mu Likasi, bandugu." Wanaume wakatikisa vichwa, mmoja akasema "vraiment", kweli kabisa, na mimi nikasimama na sinia langu, nikitamani kummwagia mzee yule sombe yote kichwani. Sokoni watu wananijua kwa hasira. Mteja akizibonyezabonyeza nyanya zangu namfukuza. Lakini pale sikusema kitu. Nilikwisha kusema zamani, nikasema yote, mapema kabisa, na ndiyo maana nasifiwa. Hamjui ni adhabu gani hiyo, kusifiwa miaka yote kwa jambo baya kuliko yote uliyowahi kutenda, na kila ukisema "mimi ndiye" watu wanazidi kukupenda.

Mwaka ule nilikuwa nakaa Shituru, mtaa wa kiwanda hapa Likasi, kwa dada yangu, Yaya Bea, na mume wake Kalala. Nilikuwa namwita Beau, kama tunavyowaita mashemeji kwetu. Nyumba ilikuwa ya zamani ya kampuni, vyumba viwili na barza, jiko nje kwa nyuma, ukuta wa katikati mwembamba hata kikohozi cha upande wa pili ulikipokea kama chako. Mama alikaa lupango la tatu kutoka letu. Alikuja kila siku, na kila alipokuja, Beau alitoka kwa mlango wa nyuma. Sisi ni watu wa Kasai. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali chumba kimoja, hawagusani hata mkono, hawasemeshani. Si chuki, ni heshima, na Beau alikuwa na heshima ya kupita kiasi. Sasa lazima awepo mtu wa kupeleka maneno, na katika nyumba ile mtu huyo alikuwa mimi. Mama alikaa kwenye barza, mgongo umeelekea ndani. Beau alisimama nyuma ya jiko. "Mado, uliza mukwe wangu kama atapita ku soko." Na Beau, aliyekwisha kusikia kila neno, alingoja mpaka nifike, nimwambie, ndipo anijibu kwa sauti ambayo Mama naye aliisikia vizuri kabisa. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani. Nilikuwa naitwa kinywa, lakini kinywa chenyewe hakikuwa na kazi, maana masikio yote mawili yalikuwa yamefika kabla yangu.

Beau aliendesha taksi, gari dogo la Kijapani, usukani kulia, la aina ile inayovutwa na magurudumu ya mbele. Nasisitiza hilo la mbele kwa sababu ndilo wimbo alioniimbia mwaka mzima. Gari zingine zinasukumwa kutoka nyuma, alisema, hii yetu inavutwa kwa pua kama ng'ombe. Siku moja mwanzoni mwa kiangazi alikwenda kwa kwado, ndivyo tunavyomwita fundi wa kuziba matairi kando ya barabara, mzee mmoja mwenye banda la mabati karibu na reli. Nilikuwa naye. Mzee yule alikuwa na kisu chekundu kutoka kwenye moto na tairi mapajani, anataka kulichonga mistari mipya, kama wanavyofanya kwa matairi yaliyokwisha ili yaonekane yangali hai. Matairi yalikuwa mawili, yametoka Zambia katika mzigo wa lori, meusi, laini pande zote, hakuna mstari hata mmoja. Beau alisoma maandishi ubavuni, akaruka. "Acha! Papa, acha kisu!" Akaeleza kwamba hayo ni matairi ya mashindano ya mbio fupi, yale ya kuondoka kwa nguvu, yanatoka kiwandani vile vile bila mistari, mpira wake unanata na lami. "Hii haiko kipara, Papa. Ilizaliwa vile." Kwado alicheka mpaka akakohoa. "Hata mutoto anazaliwaka kipara. Lakini nyele inakuyaka." Alikuwa amepanga kwamba yasiponunuliwa atayakata kuwa ndala. Beau akampa redio yetu, akachukua matairi.

Yaya Bea alilia juu ya ile redio. Alikuwa na mimba changa na kila kitu kilikuwa kinamliza, lakini hili lilimliza kwa haki. "Habari tutasikia mu mapineu?" alimuuliza, akiyaonyesha yale matairi, na Beau akachuchumaa mbele yake, akamshika miguu, akamwambia mtoto akizaliwa atapewa jina la bingwa. Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na samaki thomson wa kukaanga, mchicha wa lenga-lenga pembeni, Yaya bado anafuta machozi, mpaka mimi nikasema, kwa sauti ya mtangazaji, kwamba sasa ni saa kumi na mbili na nusu, tunaendelea na habari za matairi. Yaya akacheka bila kutaka. Nilikuwa mzuri kwa hilo, kulainisha mambo. Watu walinipenda nyumbani kwa hilo, na mimi nikajifunza kwamba neno likipunguzwa kidogo ukali, kila mtu anakula vizuri.

Jumapili, baada ya misa, vijana wenye magari walikwenda kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, njia ya Buluo. Magari mawili mawili, kutoka kwenye mti wa mlingoti mpaka kwenye daraja dogo, basi. Beau aliweka matairi laini mbele, kwa sababu mbele ndiko kunakovuta, nyuma akaacha ya kawaida. Kabla ya kuondoka alimwaga bidon, dumu zima la maji, kwenye lami, akavuta breki ya mkono kushikilia nyuma, akakanyaga mafuta, na magurudumu ya mbele yakazunguka mahali pamoja mpaka moshi mweupe ukatufunika na mpira ukaanza kunuka. Hapo ndipo yalipokuwa tayari, yamepata joto, yananata. Nasema "ukatufunika" kwa kuwa nilikuwa ndani. Gari likiruka, alinieleza, uzito wote unakimbilia nyuma, na sisi tunavuta kwa mbele, mbele inabaki nyepesi. Kwa hiyo alitoa tairi ya akiba na jeki kutoka nyuma, na mimi, niliyekuwa msichana mnene, akaniketisha kiti cha mbele. "Mado njo béton yangu," aliwaambia wenzake. Wakati mwingine wowote ningemchoma kwa kidole jichoni mtu aliyeniita zege. Pale nilijiona malkia.

Nani alitufunga Jumapili zile? Hakuna. Wengine walianza kwa kuteleza, magurudumu yao yakilia bure, na sisi tulikuwa tumekwisha kuondoka, usukani ukimvuta Beau mikono kushoto na kulia, akiucheka, na mimi nimetoa kichwa nje nikipiga vigelegele. Nimeolewa kwa harusi nzuri, nimezaa watoto wanne wazima, namshukuru Mungu. Lakini furaha ya namna ile haijanirudia, na naona aibu kusema hivyo hata leo, nikijua ilitupeleka wapi. Mama hakuambiwa. Alidhani mkwe wake anabeba abiria wa Jumapili. Usiku mmoja sikulala mapema, nikasikia kupitia ule ukuta Yaya akiuliza, "Utaacha wakati gani?" Na Beau: "Mvua ikianza, natoa. Hii haiwezane na mayi, Bea. Ku mayi ni sawa kuvaa sabuni ku miguu. Mvua ikianza tu, natoa." Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo nataka lieleweke kabla sijaendelea. Nilijua.

Mwanzoni alikuwa anayaweka Jumamosi na kuyatoa Jumatatu asubuhi. Lakini gari lilikuwa na rimu zake nne tu na ile ya akiba, kila mara kwado avue tairi kwa vyuma vyake na kulivika tena, na mzee akachoka. "Minye haiko bibi ya kubadirishaka mutoto wako manguo," alisema. Kiangazi kwetu ni kirefu, wingu halionekani, barabara kavu kama sahani. Beau akayaacha wiki nzima, akabeba abiria nayo. Yaliokota kila kokoto la Shituru, yakalirusha kwenye bati la gari taka-taka-taka, abiria wakauliza gari linaumwa nini. Yaliokota misumari. Kwenye kona gari liliyumba kiuno. Lakini lilikwenda, siku baada ya siku lilikwenda, na matairi ya kawaida yakabaki yamelazwa nyuma ya jiko, mpaka kuku mwekundu wa Yaya akaingia katikati ya moja, akajaza majani, akaanza kutaga. Yaya hakutaka aondolewe. "Mwacheni aangulie humo," alisema, na sote tukaona ni neno jema.

Mvua ya kwanza ilikuja alfajiri, ghafla, kama zinavyokuja. Nilikuwa jikoni nje napuliza mbabula, jiko la makaa. Mama akaingia lupangoni anakimbia, kitenge kichwani, kimelowa. Meza yake sokoni ilikuwa chini ya bati bovu, na jioni iliyopita alikuwa ameacha pale magunia ya samaki wakavu, mtaji wake wote wa mwezi. Alipanda kwenye barza, akageuka mgongo. Beau alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya jiko, chini ya mchirizi. Na mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kelele kiasi kwamba Mama alinivuta sikio langu mpaka kwenye mdomo wake. "Ambia mukwe wangu anipeleke ku soko. Mbio." Nikakimbia mpaka kwa Beau. Akatikisa kichwa, maji yakamruka. "Hapana. Ambia Mama angojee. Mapineu ya mbele haiwezane na hii mayi. Nitoe kuku, niende kwa kwado, nibadirishe, nitakuya kumukamata. Ao achukue taxi ingine. Lakini mu hii gari, kwa sasa, hapana. Umesikia? Apande hapana." Nilisikia. Nikarudi.

Kati ya jiko na barza ni hatua chache. Nimezitembea akilini maisha yangu yote. Niliona nikimwambia Mama "angojee", atauliza kwa nini. Nikisema matairi, atauliza matairi gani. Na Mama akijua kuna matairi ya kukimbiza magari, Jumapili zangu zimekwisha, na moshi, na vigelegele, na yale macho ya vijana. Niliona pia uso wa Mama akisikia mkwe amemnyima gari mbele ya mvua. Haya yote niliyafikiri haraka kuliko ninavyoyaandika. Mama akauliza sikioni, "Anasema nini?" Nikasema, "Anasema twende." Kisha ikabidi nirudi kwa Beau na kitu. Nikamwambia, "Mama anasema hapana kungojea. Samaki yake inalowa." Alinitazama. Nikaongeza, Mungu anisamehe, "Ameisha kukasirika." Mkwe gani wa Kasai atabishana na hilo? Alijifuta uso kwa kiganja, akachukua ufunguo. Kwa mara ya kwanza kinywa kilikuwa na kazi, kwa sababu ya mvua, na hivyo ndivyo kilivyoifanya.

Beau aliendesha polepole, kifua kwenye usukani. Mama alikaa nyuma, amejifunika kitenge mpaka machoni, mimi mbele. Kiangazi chote vumbi la kiwanda na mafuta ya malori vilikuwa vimelala kwenye lami, na ile mvua ikavigeuza utelezi. Kwenye mteremko kabla ya kuvuka reli, ndipo penye kona. Nilimwona anakata usukani. Magurudumu yalikata, nina hakika, lakini gari halikukata. Lilinyooka tu, taratibu, bila hata kelele, likaenda zake. Beau alikanyaga breki, hakuna kitu. "Mama, shika!" akapiga kelele, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha mama mkwe wake moja kwa moja. Tuliingia mtaro wa saruji, upande wa kushoto chini. Mimi nilipasuka paji la uso. Mama alikuwa amebanwa na mlango, anaguna. Maji ya mtaro yalikuwa yanaingia ndani na kupanda. Beau alizunguka, akavunja kioo kwa kiwiko, akamtoa mama mkwe wake, akambeba mikononi kama mtoto, kitenge kikabaki kwenye maji, na akapanda naye mpaka barabarani. Pale relini palikuwa na watu waliokuwa wamejikinga mvua. Mwanamke mmoja alifunika macho yake. "Mawee! Anabeba mukwe wake! Na anasema naye!" Na kweli alikuwa anasema naye, alikuwa anamwambia, "Mama, nisamehe, Mama, nisamehe," mpaka gari la watu likasimama.

Nyonga ilivunjika. Mama alilala hospitali mpaka mvua zikawa za kila siku, na mimi nilimpelekea uji asubuhi na bukari laini jioni, nikamlisha kwa mkono, na kila tonge nililomtia mdomoni nilijua ni mimi. Beau alikuwa anakuja mpaka getini, ananiuliza ameamkaje, anaondoka. Hakunikaripia. Hakuniuliza hata kama ni kweli Mama alikuwa amekasirika. Alinitazama mara moja tu, akagusa plasta kwenye paji langu la uso, akasema, "Inauma?" Nikasema haiumi. Nadhani alikuwa amekwisha kujua, kwa sababu Mama ninayemjua mimi na anayemjua yeye hangekosa kungoja.

Mama aliporudi nyumbani, Yomba Mutombo akaja kutoka Lubumbashi kuamua, pamoja na wazee wengine wa ukoo. Sebule ya Mama ilikuwa na viti vya kochi vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia, na harufu ya dawa ya kuchulia. Mama kitandani chumba cha pili, mlango wazi. Yaya Bea alikaa chini, tumbo limekwisha kuwa zito, macho yamevimba. Beau nje, chini ya dirisha, anakotakiwa kukaa mkwe. Mashtaka yalikuwa mawili: kwanza, amemwingiza mama mkwe katika gari analolijua bovu, kwa ajili ya michezo yake, pili, amemgusa na kumsemesha mbele ya watu. Kwa la pili wazee walitaka mbuzi, na mbuzi anapatikana. Kwa la kwanza Yomba alitaka kumrudisha mpwa wake nyumbani, na wote tulijua kilichokuwa hatarini pale ni hicho tu, nyumba ya Yaya Bea. Aliniambia niende nimuulize mkwe ana nini la kusema. Sikwenda. Nilisimama pale pale nikasema: yeye alikataa; alisema Mama angojee; mimi ndiye niliyebadilisha; na yeye nilimdanganya kwamba Mama amekasirika. Nilisema yote, nikilia, sikubakiza kitu.

Halafu Yomba akatabasamu, akanionea huruma. Kumbe sikuwa nimefikiri. Mimi nilikuwa kinywa cha Kalala. Miezi yote ile kila nililosema mbele ya familia lilikuwa neno lake. Nani atajua sasa nasema langu? "Amekutuma kusema ile?" Nikaapa kwamba hajanituma. Yomba akasogea dirishani, akasema nje, kwa sauti ya upole, "Kalala, umesikia bikamba mutoto anasema? Ni vile?" Mimi nilikuwa namwona kupitia kioo. Aliinua macho akanitazama mimi, si Yomba. Angesema "ni vile", na angekuwa amesema kweli, na mke wake angebaki. Msichana wa miaka kumi na nane aliyemvunja mama yake nyonga kwa uongo, jina lake lingetembea Shituru yote, nani angemwoa? Beau akainama. "Hapana, Yomba. Mutoto anasema vile juu ananipenda. Minye njo nilikosa." Yaya Bea alifunika uso. Nikapiga kelele, "Beau, sema kweli!" na wazee wote wakaguna kwa furaha, wakaona mapenzi gani haya. Chakula kilipoletwa, Yomba alitoa firigisi ya kuku kwenye sahani yake, firigisi ambayo kwetu msichana haipewi, akaiweka kwenye yangu. Na mimi niliila. Sijui kwa nini niliila. Nilikuwa na njaa, walikuwa wananitazama, nikaila.

Yaya alichukua sufuria zake na kuku wake siku ile ile. Ilisemwa ni mpaka mume wake apate akili. Beau aliuza gari, na yale matairi mawili yakarudi kwa kwado, ambaye safari hii aliyakata ndala bila mtu kumzuia. Ziliuzwa sokoni kwetu. Mpira ulikuwa laini mno, ulinata kwenye saruji, watu walikuwa wanatembea wakizivuta, na wateja wakija mezani kwa Mama nilizitambua kwa sauti kabla sijatazama miguu. Mtoto alizaliwa kwa Mama, mvulana, na hakupewa jina la bingwa. Beau akaenda Kolwezi kutafuta kazi, akawa anatuma nguo za mtoto, na ile "mpaka" ikarefuka, mwaka, na mwaka mwingine. Yaya angeweza kurudi, hakuna aliyemfunga. Lakini Mama alitembea kwa fimbo maisha yake yote yaliyobaki, na kila fimbo ilipogonga sementi Yaya aliisikia. Mara mbili nilijaribu kumwambia tena. Mara ya kwanza aliniambia, "Mado, nakupenda, lakini usimutetee tena mbele yangu." Mara ya pili alitoka nje. Mama mwenyewe nilimwambia akiwa anachambua maharagwe. Alinipapasa shavu. "Nyamaza, mutoto. Uko na moyo muzuri." Nikamchukia kwa hilo, mama yangu mwenyewe, kisha nikajichukia kwa kumchukia, na maharagwe yakapikwa.

Asubuhi ya mazishi, siku moja baada ya Yomba kunisifu mbele ya wageni, Beau akaja. Nilikuwa naosha vikombe. Mtu alisimama nje ya lupango, kando ya ukuta, kofia mkononi, nywele nyeupe, amekonda, amesimama pale pale anapotakiwa kusimama mkwe, yeye ambaye si mkwe wa mtu tena. Nilikwenda mikono ikiwa na povu. "Mado." "Beau." Kisha akasema, "Uingie, uambie Mama: asubuhi ile nilisema angojee." Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya kuagiza chumvi. "Wakati ile ulikuwa mutoto. Sasa uko mukubwa, utaweza kubeba. Minye siwezi kumuacha aingie mu udongo na hajapata ile neno." Nilimuuliza kama anataka niongeze kitu. "Usiongeze," alisema. "Na usipunguze."

Sebuleni wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wanaimba. Nikapiga magoti mbele ya jeneza. Nyimbo zikapungua. Nilisema kwa nguvu, kwa namna ambayo sikusema siku ile ya mvua. "Mama, mukwe wako Kalala amenituma. Anasema: asubuhi ile alisema ungojee." Nikapumua. "Hilo ni lake. Na langu ni kwamba sikukuletea."

Yomba alikuwa mlangoni. "Mado, mutoto wangu," alianza, "hata leo ile moyo yako..."

"Yomba, nyamaza," alisema Yaya Bea.

Sikuwahi kumsikia akimwambia hivyo mtu mkubwa. Alikuwa amekaa kichwani kwa jeneza, kitambaa cheusi kimemteleza. "Kalala iko wapi?"

"Nje. Ku ukuta."

"Njo yeye mwenyewe amekutuma na ile neno?"

"Njo yeye."

Alinitazama muda mrefu. Nilimwona anarudi nyuma kwa mawazo, chumba kwa chumba, mwaka kwa mwaka, mtoto, sufuria, fimbo ya Mama. "Na yeye ulimwambia kwamba Mama amekatala kungojea."

"Ndiyo, Yaya."

"Na Mama hakukatala."

"Mama hakuulizwa."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikusanya kitenge chake, akasimama kwa kujishikilia jeneza, akapita karibu nami mpaka nguo yake ikanigusa sikio, na hakunitazama. Nilibaki nimepiga magoti. Dirisha lilikuwa wazi. Alifika ukutani, akasimama mbele ya mwanaume yule. Kisha nikaona midomo ya Yaya inatembea, na ya Beau inajibu, na tena ya Yaya. Nilingoja, mikono magotini, povu limekauka, labda wataniita nipeleke kitu, neno lolote, upande wowote. Hawakuniita.